Stesheni Masta Aliyeweka Simu Chini

Wiki iliyopita tulimzika Ifakara mtu ambaye jina lake lisingekuambia kitu, msomaji wangu, na kwa desturi ya safu hii sitalitaja. Binti yake alinipigia simu asubuhi, nikiwa napiga pasi shati la kuvaa kazini. "Shikamoo, baba mdogo," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia akaongeza, "Mzee ametutoka. Amekunywa chai, akasema anajinyoosha kidogo, hakuamka tena." Hakuwa analia. Nami sikulia. Nilichomoa pasi, nikakaa kitandani na lile shati mapajani, na kitu cha kwanza nilichohisi, nikiri tu, kilikuwa kama shukrani. Mzee yule alikuwa amevuna mpunga wake, amewaona wajukuu hadi wengine wakaota ndevu, na amekufa akiwa amezungumza na mkewe asubuhi ileile. Kuna wakati katika miaka ya tisini ambapo hata hilo la mwisho, kuzungumza na mkewe, hatukuwa na hakika kama angelipata tena.

Nilimfahamu nikiwa karani wa tiketi katika stesheni ndogo upande wa magharibi wa bonde la Kilombero, kule ambako reli inapita chini ya milima, ikiwa na mashamba ya mpunga mkono wa pili, kuelekea Chita. Yeye alikuwa stesheni masta wangu. Alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mrefu, Mkatoliki wa kusali kila Jumapili, na alipenda maneno kupita kiasi. Vibarua waliokuwa wakienda au kutoka shamba kubwa la Mngeta walikuwa wakifika stesheni mapema kabla ya treni ili tu wamsikilize. Alijua nani ameoa, nani ameachwa, mto umejaa wapi na mpunga wa nani umeliwa na ndege. Mkewe, Mndamba mmoja mpole wa sauti ya chini, alizoea kusema kwamba tangu aolewe hajapata nafasi ya kumaliza sentensi.

Lakini akishika simu ya kazi, masihara yote yalikoma. Reli ile ni ya njia moja. Treni mbili zinazotoka pande tofauti haziwezi kupishana popote ila stesheni, kwa hiyo treni haikuruhusiwa kuondoka kwetu mpaka stesheni masta wetu akubaliane kwa simu na mwenzake wa stesheni inayofuata kwamba njia kati yao ni tupu. Na kukubaliana kulikuwa na utaratibu wake. Mmoja akisema, mwingine alirudia maneno yaleyale, neno kwa neno, namba kwa namba. Usiporudia sawasawa, ilihesabiwa kwamba hamjasemezana. Mzee alikuwa hodari wa kurudia. Nilimsikia kila siku kupitia dirisha la tiketi, sauti nzito isiyo na haraka, na nilijua kwamba akishamaliza kurudia naweza kuanza kuwaambia abiria wabebe mizigo yao.

Mambo yalianza kubadilika polepole, wakati wa masika. Alianza kuumwa kichwa asubuhi. Kisha maneno yakaanza kumponyoka. Alitaka kusema "kikombe" akasema "kikome", akajisahihisha, akacheka, sote tukacheka. Siku moja alimsalimia padri kwa neno ambalo si matusi ila lilikuwa karibu sana na matusi, na padri naye akacheka. Baadaye watu wakaacha kucheka. Vibarua walianza kunong'onezana kwamba stesheni masta siku hizi anakunywa. Nilijua hanywi. Nilikuwa namwona anavyokaza macho anaposikiliza, kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, mvua imetoka kukatika, na treni ya abiria imesimama mbele yetu ikielekea magharibi. Alikuwa kwenye simu. Nilisikia sauti ya mwenzake wa upande wa pili, maana simu zile zilipiga kelele hata aliyekaa mbali akasikia. Mwenzake alimpa namba ya treni na maneno ya kuruhusu. Mzee akarudia, akakosea namba.

"Hapana," sauti ikasema. "Rudia, stesheni masta."

Akarudia, akakosea jina la stesheni. Akavuta pumzi, akarudia tena, na safari hii yote mawili yakatoka vibaya. Kisha sauti ikasema kwa upole, kama ya mtu anayetaka kumsaidia rafiki, "Mzee, nimekuelewa. Si treni hii ya abiria? Iachie tu ije."

Nadhani wengi wetu pale tungeshukuru na kupokea msaada huo. Njia ilikuwa tupu kweli, kila mtu alijua. Yeye aliitazama ile simu, akasema, "Hapana. Sijarudia." Akaiweka chini. Akatoka nje, akaenda hadi kwenye injini, akamwonyesha dereva kiganja. Simama hapo hapo.

Aliporudi aliniambia, "Karani, chukua baiskeli. Nenda ukaniitie msaidizi." Msaidizi wake alikuwa mapumziko siku hiyo, yuko shambani kwake anapandikiza mpunga. Nilimuuliza nimwambie kuna nini. Akafikiri, akasema maneno ambayo yalitoka sawa yote, hata leo nayasikia: "Mwambie mimi leo siwezi kushika simu."

Nikaendesha baiskeli kwenye tope hadi nikaibeba begani mahali fulani. Niliporudi na msaidizi, yeye amejaa matope hadi magotini, stesheni ilikuwa inachemka. Abiria walikuwa wameshuka. Kuna mama alikuwa anampeleka mtoto hospitali na alikuwa analia. Kuna bwana mmoja wa ofisi, amevaa suti ya Kaunda, alikuwa anamwambia mzee mbele ya watu wote kwamba atahakikisha amefukuzwa kazi, kwamba mlevi hawezi kuchezea muda wa wananchi. Mzee alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria, kofia ya kazi mapajani. Msaidizi alinawa mikono tu, akaingia na miguu yake ya tope, akashika simu, akarudia kila neno, na treni ikaondoka. Yule bwana alichungulia dirishani hadi treni ilipopinda. Mzee alimpungia mkono.

Jioni ile alikabidhi funguo za ofisi. Hakuna aliyemwamuru. Msaidizi alimwambia, "Pumzika kesho, mzee, keshokutwa utarudi." Yeye akajibu, "Sirudi kwenye ile simu mpaka nijue nina nini." Nilimsindikiza hadi nyumbani. Alikuwa na watoto shuleni, na hakuwa na kazi nyingine anayoijua. Aliogopa sana. Aliniambia kwamba alipokuwa amekaa kwenye lile benchi, alikuwa anajaribu kurudia kimoyomoyo jina la mwanawe wa mwisho na likawa linageuka.

Habari zilifika Mahenge, na kaka yake mkubwa akaja. Yeye aliona jambo liko wazi: kulikuwa na ugomvi wa shamba la ukoo, na mtu amefanya yake. Alishatafuta mganga. Walikaa kikao, na yule mama mpole, ambaye eti hajawahi kumaliza sentensi, alimaliza moja siku hiyo. "Shemeji," alisema, "kama kuna aliyemroga, tutamtafuta tukirudi. Leo tunapanda gari." Walikwenda hospitali ya Ifakara, daktari wa pale akamchunguza macho kwa kutumia kitochi chake, akaona dalili kwamba kuna mgandamizo ndani ya kichwa, akawaandikia waende Dar es Salaam haraka. Kwa kuwa mimi nilikulia Dar na nilikuwa na likizo, mama akaniomba niwasindikize.

Daktari wa Dar alikuwa mwanamke, mdogo kuliko tulivyotegemea, aliyekuwa amerudi kutoka masomoni nje. Alimwamkia mzee shikamoo kabla ya kumgusa, na hilo pekee lilimpa alama kwa mama. Alimwagiza arudie maneno. "Sema mpunga." Mzee akasema, "Mkunga." Akatikisa kichwa. "Mpunda." Akatikisa tena, akakasirika, akajipiga gotini kwa kiganja. "Unajua mpunga ni nini, mzee?" Akamweleza mpunga kwa dakika nzima, kuanzia kitalu hadi ghalani, bila kulitamka lile neno hata mara moja. Daktari alitabasamu kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. Akasema apelekwe kupigwa picha ya kichwa kwa mashine ya skani, kitu ambacho wakati ule watu wengi nchini hawakuwa wamewahi kukisikia.

Picha ilipotoka aliibandika kwenye ubao wenye taa. Upande wa kushoto wa ubongo kulikuwa na kitu cha mviringo kinachong'aa, mfano wa yai la kuku. Kukizunguka kulikuwa na kivuli cheusi kilichotanuka kama mkono uliofungua vidole. Daktari alianza, "Mzee, wewe ni mtu wa reli, kwa hiyo nikuambie kwamba ubongo ni kama reli..."

Mzee akainua mkono. "Daktari, reli naijua. Nieleze kichwa."

Mama akaniangalia kwa hofu, akidhani daktari atakasirika. Daktari akavuta kiti, akakaa, akaeleza kichwa. Alisema ubongo una sehemu ya kijivu, hasa huku juu, ambayo ndiyo inayosikia, inayokumbuka na inayopanga maneno. Chini yake kuna sehemu nyeupe, na hiyo ni nyuzi tupu, nyingi mno, zinazobeba habari kutoka eneo moja la kijivu hadi jingine. "Eneo lako linalosikia neno ni zima," alisema. "Ndiyo maana unanielewa. Eneo linalolitamka nalo ni zima. Zilizoumia ni nyuzi nyeupe zilizo kati yake. Hili yai ni uvimbe. Lakini tazama hiki kivuli. Haya ni maji yaliyovuja kwa sababu ya uvimbe, na maji haya hupenda sehemu nyeupe. Yanafuata nyuzi, ndiyo maana yamekuwa kama vidole. Sehemu ya kijivu yameiacha."

"Hizo nyuzi zimekatika?" mzee akauliza.

"Picha hii hainionyeshi nyuzi zenyewe. Inanionyesha maji tu. Kuna uvimbe unaojipenyeza ndani ya nyuzi na kuzila. Kuna mwingine unazisukuma pembeni na kuzibana, zenyewe zikabaki nzima. Kwa jinsi huu ulivyo na mipaka mizuri, nadhani wako ni wa kusukuma. Ila nasema nadhani, mzee. Sijasema najua."

Nilimwona mzee akitulia. Mtu mwingine angetaka kuhakikishiwa. Yeye alikuwa amefanya maisha yake yote kazi ambamo "nadhani" na "najua" ni vitu viwili tofauti, na nafikiri alimwamini yule daktari kuanzia pale.

Alipewa dawa ya kukausha yale maji. Hiyo dawa ilimpa njaa ya ajabu. Mama alipika wali kwa shangazi yangu Temeke, nikawa napeleka wodini masufuria, na mzee alikuwa anayamaliza na kuuliza kama kuna ukoko. Baada ya siku chache nilimkuta amekaa kitandani, macho yanacheka. "Karani," akaniita. "Nisikilize. Mpunga wa Mpanga umepandwa na mpangaji." Akarudia. Akarudia tena, haraka zaidi, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba radhi, anataka kulala. Daktari alipokuja akamwimbia na yeye. Daktari alifurahi kuliko hata sisi, maana kwake hilo lilikuwa jibu: maji yamepungua na maneno yamerudi, basi nyuzi zipo. Zililoa na kubanwa, hazikukatika, au angalau si zote.

Hapo tukapata shida mpya, maana mzee alitaka kurudi nyumbani. Alijiona amepona. Daktari akamweleza kwamba dawa imekausha maji tu, yai lenyewe bado lipo, na litazidi kukua. Lazima lifanyiwe upasuaji. Mzee akauliza swali ambalo sote tulikuwa tunalikwepa.

"Nikitoka bubu je?"

"Inawezekana," daktari akasema. "Nitapita karibu sana na nyuzi hizo. Sitakudanganya."

Alimgeukia mkewe. Nilidhani mama atalia. Mama akamwangalia muda mrefu, akamfunga kifungo cha shati la hospitali kilichokuwa wazi, akasema, "Baba, miaka yote hii umeongea wewe. Ukitoka bubu, nitaongea mimi. Nina mengi." Mzee akacheka hadi machozi yakamtoka, na machozi yalipoanza hayakuwa ya kicheko tena, naye mama akamshika kichwa chake kile chenye uvimbe, akakilaza kifuani kwake. Asubuhi ya pili yake alipasuliwa.

Uvimbe ulitoka wote, na kweli ulikuwa wa kusukuma. Lakini alipoamka hakusema kitu, na kwa wiki kadhaa tukadhani bei ndiyo hiyo. Kisha maneno yakaanza kurudi, moja moja, kama wageni waliochelewa harusi. La kwanza lilikuwa "chumvi". Chakula cha hospitali hakikuwa na chumvi. Miezi baadaye alipigwa picha nyingine na daktari akaziweka mbili pamoja kwenye ubao: ya kwanza ina yai na vidole vyeusi, ya pili ina kovu dogo, na ile sehemu nyeupe iliyokuwa imesukumwa imerudi karibu na mahali pake. Mzee aliziangalia muda mrefu. Akauliza kama anaweza kuja mwakani kuangalia tena. Akawa anakwenda karibu kila mwaka, na daktari alimtumia kufundishia wanafunzi wake, jambo ambalo mzee alilifanya kwa majivuno makubwa. "Nipeni neno gumu," alikuwa anawaambia wale vijana wa makoti meupe. Wakimpa jepesi alikuwa anawagombeza.

Kwenye simu ya reli hakurudi. Wakubwa wake walikuwa tayari kumrudisha, alikataa mwenyewe. Alisema akichoka bado majina yanageuka, na treni haijui kama umechoka. Akapewa kazi ya kusimamia mizigo, akaifanya hadi alipostaafu, kisha akarudi kwenye mpunga wake nje kidogo ya mji wa Ifakara. Sijawahi kumsikia akiilalamikia hiyo kazi. Aliniambia mizigo ina faida moja: ukiiita vibaya haikasiriki.

Dunia imekwenda mbele tangu wakati ule. Si zamani sana nilimsindikiza jirani yangu hospitali Dar, na mtaalamu wa picha, kijana mwenye heshima, akanionyesha kwenye kompyuta ubongo wa mtu mwenye uvimbe. Safari hii nyuzi zenyewe zilionekana. Zimechorwa kwa rangi, kijani, buluu na nyekundu, zinakuja zimenyooka, zikifika kwenye uvimbe zinapinda, zinauzunguka, zinaendelea na safari yake. Alisema siku hizi daktari wa upasuaji anaweza kuangalia picha kama hiyo kabla ya kushika kisu. Nilimpigia mzee hapo hapo, nikiwa bado koridoni, nikamweleza nilichokiona. Akauliza, "Kwa hiyo zilipinda kweli?" Nikamwambia kwake siwezi kujua, lakini za huyu zimepinda. "Yule binti daktari alikadiria sawa," akasema, na nikasikia anamwita mkewe amwambie.

Nimekuwa nikimfikiria wiki hii yote, hasa nikiangalia namna tunavyoishi makazini. Tumezoea kuona mtu anang'ang'ania usukani, kiti au kipaza sauti wakati kila aliye karibu naye anaona kwamba hawezi tena, na wenzake kwa upole wanamwambia "tumekuelewa, endelea tu". Upole huo ni wa hatari. Yule mwenzake wa upande wa pili wa simu hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumwondolea rafiki aibu. Mzee ndiye aliyekataa kuondolewa aibu yake kwa gharama ya watu waliokuwa ndani ya mabehewa. Na ukweli ni kwamba siku ile hakuna ambacho kingetokea. Njia ilikuwa tupu. Hakumwokoa mtu yeyote, hakupewa cheti, alitukanwa tu na bwana mwenye suti. Nafikiri ndiyo sababu namheshimu. Ni rahisi kusifu uadilifu unaozuia ajali. Wa kwake ulizuia treni kwa muda fulani, watu wakachelewa, basi.

Lakini nilichokiona msibani kinanikaa zaidi. Baada ya maziko tulikaa uani, familia na majirani. Mjukuu mmoja, msichana wa sekondari, alisimama kutoa shukrani kwa niaba ya watoto, na katikati ya maneno akakwama. Neno likamkimbia. Unajua jinsi inavyokuwa kwingine: watu watano wangemtupia neno, mwingine angepiga makofi amalizie. Pale hakuna aliyefungua mdomo. Bibi yake, watoto, wajukuu, hata wale wadogo waliokaa kwenye mkeka, wote walimtazama wakiwa wametulia kabisa, bila huruma na bila haraka, kama watu wenye siku nzima. Ndivyo walivyoishi na mzee miaka yote ile, wakimwachia alitafute neno lake mpaka alipate mwenyewe, hadi ikawa tabia ya nyumba nzima. Sisi wageni ndio tuliohangaika kwenye viti. Msichana akavuta pumzi, akalipata, akaendelea. Nimeamua kwamba hilo ndilo nitakalojaribu kujifunza katika miaka iliyonibakia, na ninakuomba ujaribu nami: mtu akiwa anatafuta neno lake, tumwache alitafute. Tunyamaze, tungoje. Ni lake.